Alifu Katika Ugeni: Hadithi Fupi za Goli Taraghi

Mwandishi anayeishi uhamishoni aghalabu hupimwa kwa mizani ya mateso. Huulizwa kwanza alifungwa miaka mingapi, kitabu chake kilipigwa marufuku na nani, na mpaka aliuvuka kwa njia gani. Baadaye sana, nafasi ikibaki, ndipo huulizwa anaandikaje. Mizani hiyo ina sababu zake. Ni vigumu kumsoma Mwirani Shahrnush Parsipur, mathalani, na kuliweka gereza kando. Alifungwa katika enzi ya Shah, akafungwa tena kwa zaidi ya miaka minne katika miaka ya 1980, na riwaya yake fupi ya Zanan bedun-e mardan, yaani Wanawake Bila Wanaume, iliyotoka mwaka 1989, ikamrudisha korokoroni kabla hajahamia Marekani katika miaka ya 1990. Fasihi ya namna hiyo ina haki ya kusomwa kama ushahidi. Taabu huanza pale mizani hiyo inapofanywa kuwa ya pekee, kwa kuwa wapo waandishi ambao ikiwapima huwaona wepesi ilhali si wepesi hata kidogo. Goli Taraghi ni mmoja wao.

Taraghi alizaliwa Tehran mwaka 1939 katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mchapishaji wa jarida lililoitwa Taraghi, neno lenye maana ya maendeleo. Akiwa angali kijana alipelekwa Marekani, akasomea falsafa huko, kisha akarejea na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tehran. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi, Man ham Che Guevara hastam (Mimi Pia ni Che Guevara), ulitoka mwaka 1969. Anwani yenyewe ni kejeli: wahusika wake ni watu wa mjini wa tabaka la kati, waliochoshwa na kazi na ndoa, wenye ndoto kubwa zilizozidi kimo chao. Mwaka 1972 aliandika mswada wa filamu ya Bita, na mwaka uliofuata akatoa riwaya ya Khab-e zemestani (Usingizi wa Majira ya Baridi), ambamo mzee mmoja mpweke anawakumbuka marafiki zake waliotawanyika. Haya yanatajwa kwa sababu moja tu. Upweke, kumbukumbu na kicheko chenye uchungu, mambo ambayo wahakiki huyaita matunda ya uhamisho wake, yalikwisha kumea katika kalamu yake kabla hajafungasha sanduku lolote.

Mapinduzi yalitokea mwaka 1979. Mwaka uliofuata vyuo vikuu vya Iran vilifungwa kwa jina la Mapinduzi ya Kitamaduni, na mwaka huohuo vita na Iraq vikaanza, vikadumu hadi 1988. Taraghi alihamia Paris pamoja na watoto wake wawili. Mji huo ukawa makao yake kwa miongo kadhaa, ingawa alizoea kurudi Tehran mara kwa mara. Paris haikuwa ngeni kwa fasihi ya Kiajemi: Sadegh Hedayat alijiua humo mwaka 1951, na Gholam-Hossein Sa'edi, aliyeikimbia serikali mpya, akafia humo mwaka 1985. Wote wawili wamezikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Ukilinganisha na hao, mwanamke anayepanda ndege kwenda kwao na kurudi anaonekana kana kwamba hajateseka vya kutosha.

Hapo ndipo mashtaka dhidi yake yanapotoka, nayo ni mawili. La kwanza ni kwamba yeye ni mwandishi wa matajiri wa kaskazini mwa Tehran, anayelilia bustani na vijakazi alivyopotewa navyo. La pili ni zito zaidi: vitabu vyake vimechapishwa Tehran, na nchini Iran kitabu hakitoki bila kibali cha Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu. Mwandishi aliye salama Paris, ambaye angeweza kusema lolote apendalo, huenda akakubali maneno yake yapitie mikononi mwa mdhibiti. Je, huyo ni mwandishi wa uhamishoni wa namna gani?

Shtaka hilo la pili lijibiwe kwanza, kwa sababu ndilo linalogusa kiini cha kazi yake. Tangu mwaka 2000 ulimwengu umeijua Iran kwa kiasi kikubwa kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine. Marjane Satrapi alianza kutoa Persepolis kwa Kifaransa mwaka huo, na Azar Nafisi akatoa kumbukumbu zake za kuwasomesha wasichana wa Tehran kwa Kiingereza mwaka 2003. Ni kazi zenye thamani yake, lakini hadhira yake ya kwanza haikai Tehran. Hadhira hiyo huhitaji kuelezwa kila kitu: mtandio ni nini, mapinduzi yalianzaje, nani mwema na nani mwovu. Maelezo hayo hujipenyeza katika sentensi hadi mwandishi akawa mwongoza watalii katika nyumba ya mama yake mwenyewe. Taraghi, aliyesoma Marekani na kuishi Ufaransa, hakukosa lugha ya kukimbilia. Akaendelea kuandika kwa Kiajemi, na akataka vitabu vyake viuzwe katika maduka ambamo shangazi na mwanafunzi wa Tehran wangeweza kuvinunua. Msomaji huyo haelezwi Shemiran iko wapi. Anaijua.

Gharama ya uamuzi huo haifai kufichwa. Ukitaka kusomwa nyumbani chini ya udhibiti, kuna mambo utayakata kwa mkono wako kabla hayajakatwa na mwingine, na hakuna msomaji atakayejua kilichopotea. Parsipur hakukubali bei hiyo, akalipa nyingine. Haki haiko upande mmoja tu baina ya hao wawili. Hata hivyo, anayedai kwamba kibali cha serikali kinamfanya Taraghi kuwa kipaza sauti cha serikali hajazisoma hadithi zenyewe. Kinachoonekana humo ni mwandishi aliyejifunza kupitisha mambo mazito katika milango midogo: utoto, ujirani, kituo cha basi, foleni ya uwanja wa ndege. Mdhibiti hutafuta kauli. Taraghi hatoi kauli. Anatoa mtu, kisha anamwacha msomaji amtazame.

Chukua “Otobus-e Shemiran”, yaani “Basi la Shemiran”, mojawapo ya hadithi zilizomo katika Khatereha-ye parakandeh (Kumbukumbu Zilizotawanyika), mkusanyiko uliotoka katika miaka ya 1990. Mwanamke amesimama kituoni Paris pamoja na binti yake, theluji ikianguka. Theluji hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mbinu rejeshi: msimulizi anajikuta tena mtoto katika majira ya baridi ya Tehran, akisafiri kwa basi linaloendeshwa na Aziz Agha. Mtoto anampenda dereva huyo kwa moyo usio na hesabu. Kwao, hata hivyo, dereva wa basi si mtu wa kufanyiwa urafiki, na watu wazima wanalijua jambo hilo bila ya kuambiana.

Mhakiki aliyekwisha kuamua kwamba Taraghi analilia mali yake atasema hapa ameyaona machozi hayo. Lakini ni nini hasa kinachokumbukwa? Si fahari ya nyumba, bali ukuta wake. Mtoto anagundua kwamba kwao kuna mpaka, na kwamba mtu anayemtukuza kuliko wote yuko upande wa pili. Kinaya cha hadithi kimo katika fremu yake ya Paris. Yule msichana ambaye dereva alimjua na kumngoja sasa ni mama wa makamo anayesubiri basi katika mji ambao hakuna dereva anayemjua. Kumbukumbu hapa inatoza deni zaidi ya inavyofariji, na shtaka la kwanza linaanza kulegea. Taraghi anaandika kuhusu waliokuwa juu, ni kweli, lakini anawaandika wakiwa wanashuka.

Kushuka huko kunachekesha zaidi katika “Madam Gorgeh”. Gorg kwa Kiajemi ni mbwamwitu, na hilo ndilo jina alilobandikwa jirani Mfaransa anayeishi chini ya msimulizi na watoto wake. Jirani huyo hataki kusikia kishindo. Kila hatua ya mtoto ni kosa, na familia nzima inalazimika kunyemelea ndani ya nyumba inayoilipia kodi. Wanafunzi wa fasihi wataitambua mara moja mbinu ya lakabu. Lililo muhimu zaidi ni kile ambacho lakabu hiyo inamfanyia mtoaji wake. Mtu asiyekuwa na ufasaha wa kujitetea mbele ya jirani, asiyejua sheria inamlinda kiasi gani, amebakiwa na silaha moja, nayo ni kumpa adui jina katika lugha ambayo adui haielewi. Ndani ya Kiajemi msimulizi ni hodari na mcheshi. Akifungua mlango na kuanza kuomba radhi kwa Kifaransa, anakuwa mtoto. Ni nadra kupata hadithi inayoonyesha kwa wepesi kama huu kwamba uhamisho ni kushushwa cheo na lugha.

Katika mkusanyiko huohuo imo hadithi inayostahili kupewa nafasi kubwa kuliko zote katika idara ya Kiswahili, na sababu yake inaanzia kwenye anwani: “Adatha-ye gharib-e Agha-ye Alef dar ghorbat”. Mhusika wake ni mwanamume mpweke aliyefika Paris na tabia zake za Tehran, ambazo hakuna wa kuzielewa. Jina halitajwi, ametajwa kwa herufi, Alef, kama mtu katika faili la ofisi. Waliosoma chuoni huko Pwani wanaijua herufi hiyo kwa jina la alifu, ile isimamayo wima kama kijiti. Wanajua pia kanuni yake ya hati: alifu huweza kushikana na herufi iliyoitangulia, lakini haishikani na inayoifuata. Hakuna majazi bora kuliko hayo. Bwana Alifu ameungana na yaliyopita. Na yajayo hana kiungo nayo.

Si hayo tu. Gharib na ghorbat ni maneno ya shina moja la Kiarabu. La kwanza ni “-a ajabu, -geni”. La pili ni ugeni, hali ya kuwa mbali na kwenu. Tabia za Bwana Alifu ni za ajabu kwa sababu yuko ugenini, na huko Tehran hakuna ambaye angezitazama mara mbili. Kiingereza kinapotafsiri anwani hiyo hulazimika kutumia maneno mawili yasiyo na udugu, moja la ajabu na jingine la uhamisho, na hoja nzima ya hadithi inavunjika mlangoni. Kiswahili hakina haja ya kuivunja. Gharibu tunaye katika ushairi wa kale, naye ni huyohuyo mgeni asiye na mwenyeji, na mzizi wake ungali unaonekana. Hata neno letu la kawaida, mgeni, limeshikana na -geni, ugeni na kigeni kwa namna hiyohiyo: tabia ngeni za Bwana Alifu ugenini.

Kuna tofauti moja ambayo inafaa kuwakera wanaisimu. Tangu mwanzo wa karne hii, Kiswahili cha magazeti na redio kimelikumbatia neno ughaibuni kwa maana ya nchi za mbali wanakoishi wenzetu. Shina lake ni ghaibu, kisichoonekana. Basi Mwirani aliye Paris yuko katika ghorbat, na Mkenya aliye London yuko ughaibuni. La kwanza linamtazama aliyeondoka, kwamba amekuwa mgeni. La pili limesemwa na waliobaki, kwamba hawamwoni. Hadithi za Taraghi zinaishi katika neno la kwanza, na huenda ndiyo sababu hazina malalamiko kuhusu wanaotumiwa pesa na wanaosahau kupiga simu. Ughaibuni ni neno la mama aliyeachwa nyumbani.

Na mama huyo Taraghi amemwandika pia. “Anar-banu va pesarhayash” ni hadithi ya mwanamke mzee wa kijijini karibu na Yazd, mkulima wa makomamanga, ambaye wanawe wawili walikwenda Sweden kama walivyokwenda Wairani wengi katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hawarudi, ameamua kuwafuata. Msimulizi anamkuta katika uwanja wa ndege wa Tehran, usiku, katikati ya foleni na ukaguzi. Mwenyewe amechoka, anataka tu kufika Paris, bibi anamganda. Hajui kusoma, hajapata kupanda ndege, na dunia yote anaiuliza maswali kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa na majirani. Ucheshi wa hadithi unatokana na mgongano huo, lakini Taraghi hamcheki bibi. Anayechekwa ni msimulizi, msafiri mzoefu mwenye nchi mbili, ambaye kila akimwelekeza bibi njia anadhihirisha kwamba yeye mwenyewe haijui. Bibi anajua anakokwenda: kwa wanawe. Msimulizi akiulizwa kwake ni wapi, jibu halina wepesi huo.

Hadithi nyingine zinaweza kutajwa kwa haraka. “Bozorg-banu-ye ruh-e man”, inayoanzia katika vurumai la siku za mapinduzi, ilipata tuzo ya hadithi fupi Ufaransa mwaka 1985. Ni nzuri, lakini imeelemea falsafa kuliko watu. “Derakht-e golabi” (Mpea) inamhusu mwandishi aliyekaukiwa na kalamu na mti uliokataa kuzaa. Dariush Mehrjui aliigeuza kuwa filamu mwaka 1998, na huenda filamu hiyo ndiyo inayojulikana zaidi kuliko hadithi.

Mahali ambapo shtaka la utajiri lina ukweli fulani ni katika “Safar-e bozorg-e Amineh” (Safari Kuu ya Amineh). Amineh ni mwanamke wa Bangladesh, mtumishi wa nyumbani, mwenye mume anayemtawala na kuufaidi mshahara wake. Hadithi inamfuatilia hadi anapoanza kujipatia nafsi yake. Imeandikwa kwa huruma, nayo inapanua maana ya uhamisho: Amineh alikuwa katika ghorbat huko Tehran, nyumbani mwa msimulizi, kabla msimulizi hajawa mgeni Paris. Lakini sauti inayosimulia ni ya mwajiri. Sisi wasomaji tunamwona Amineh akibadilika kama anavyoonekana kutoka sebuleni, na kuna nyakati ambapo huruma ya mwajiri inamziba mtu mwenyewe. Aziz Agha naye anaonekana kwa jicho la abiria. Taraghi anaujua ukuta vizuri kuliko anavyoijua nyumba iliyo upande wa pili, na si haki kumsifu kwa kile ambacho hakukifanya.

Msomaji wa Kenya hana budi kuwakumbuka wa kwao. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, aliiandika Sauti ya Dhiki gerezani kwa Kiswahili, na alipohamia Tanzania, kisha London, kisha Leipzig, lugha haikubadilika. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeishi nje tangu 1982 hadi kufariki kwake mwaka 2025, aliiandika Mũrogi wa Kagogo kwa Gĩkũyũ akiwa Marekani, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na ni kwa Kiingereza ndipo wengi walipoisoma. Taraghi alifuata utaratibu mwingine. Wa nyumbani walisoma kwanza, kwa miaka mingi, wengine wakafikiwa na tafsiri za watu wengine baadaye. Mkusanyiko wa Kiingereza uliotafsiriwa na Sara Khalili, unaobeba jina la hadithi ya yule bibi wa makomamanga, ulitoka mwaka 2013, zaidi ya miaka arobaini baada ya kitabu chake cha kwanza. Tuzo ya Bita ya Fasihi na Uhuru kutoka Chuo Kikuu cha Stanford ilikuwa imemfikia mwaka 2009.

Kwa wanafunzi wa tafsiri, hapa pana kazi ambayo haipaswi kupitia London. Kiajemi kimekwisha kutukopesha bandari, serikali na bustani. Hakuna sababu ya kukiendea kwa mkalimani. Katika anwani ya Anar-banu, anar ni komamanga, na banu ni mwanamke wa heshima. Bibi Komamanga, basi: neno bibi, ambalo Waajemi pia wanalo, lina heshima na uzee ndani yake kwa pamoja, na wala halihitaji nyongeza. Ugumu utaanza ukurasa utakaofuata. Ajuza huyo akimshika msimulizi mkono pale uwanjani, katikati ya foleni, mfasiri atalazimika kuamua amwite nani. Akimwita “dada”, ni abiria wawili. Akimwita “mwanangu”, wale wana wawili wa Sweden tayari wana mwenzao, naye hajaombwa ridhaa.